Uaminifu kwa Mwenye Mamlaka Una Mpaka Wapi?

Tunapofundisha Amri ya Nne katika darasa la kipaimara, hatuishii kwa baba na mama. Martin Luther, katika Katekisimu Kubwa, aliipanua amri hiyo hadi kwa watawala. Hata hivyo swali moja hubaki: je, uaminifu kwa mwenye mamlaka ni wema wakati wote, hata pale anayetumikiwa asipokuwa mwaminifu? Na gharama yake huilipa nani? Maisha ya James Butler, Duki wa Ormonde, yanatusaidia kulitafakari.

Butler alizaliwa London mwaka 1610, katika ukoo wa Kikatoliki uliomiliki ardhi nyingi Ireland. Baba yake alikufa maji mwaka 1619. Mtoto akawekwa chini ya ulezi wa mfalme, akalelewa katika imani ya Kiprotestanti nyumbani kwa George Abbot, Askofu Mkuu wa Canterbury. Jamaa zake wengi walibaki Wakatoliki. Yeye alidumu katika imani aliyofundishwa hadi kufa.

Uasi ulipozuka Ireland mwaka 1641, alikabidhiwa kuliongoza jeshi la mfalme huko. Mfalme Charles I alikatwa kichwa Januari 1649, lakini Ormonde hakuhamia upande wa washindi. Mwezi Agosti alishindwa vitani Rathmines, karibu na Dublin. Mwezi uliofuata askari wa Oliver Cromwell waliuteka mji wa Drogheda na kuwaua walinzi wake pamoja na raia. Mwishoni mwa 1650 Ormonde akakimbilia Ufaransa, akaishi miaka mingi uhamishoni pamoja na mwana wa mfalme.

Mwaka 1660 mwana huyo alirudi Uingereza akatawala kama Charles II. Ormonde akarudishiwa mali, akapewa cheo cha Duki, akawa tena mwakilishi wa mfalme Ireland. Lakini mwaka 1669, kwa fitina za watu wa ikulu, mfalme alimwondoa kazini. Mwaka uliofuata Thomas Blood na wenzake walimteka barabarani London wakitaka kumnyonga. Blood huyo alipokamatwa mwaka 1671 akiiba taji la kifalme, mfalme alimsamehe na kumpa ardhi. Ormonde naye, kwa ombi la mfalme, alisamehe.

Tukiishia hapo, tutamsifu tu. Mtu aliyepoteza karibu kila kitu kwa ajili ya bwana wake, kisha akaona adui yake akitunzwa na bwana huyohuyo, na bado asiasi, ana somo kwetu tunaohama haraka pale heshima inapopungua.

Lakini uaminifu una watu wa juu, na una watu wa chini. Wakatoliki wengi wa Ireland waliipigania bendera ya mfalme, wengine chini ya amri ya Ormonde mwenyewe. Sheria za ardhi za mwaka 1662 na 1665 zilipitishwa akiwa yeye ndiye mwakilishi wa mfalme. Yeye alipata mashamba yake. Wengi wao hawakuyapata yao. Ni kweli kwamba mwaka 1680 alianzisha ujenzi wa hospitali ya Kilmainham, makao ya askari wazee. Huo ni wema. Hata hivyo, kitanda cha uzeeni hakilipi shamba la ukoo.

Jambo zito zaidi ni la Oliver Plunkett, Askofu Mkuu Mkatoliki wa Armagh, aliyesingiziwa njama dhidi ya mfalme. Ormonde, ambaye wakati huo alikuwa amerudishwa madarakani Ireland, aliwadharau mashahidi wale katika barua zake. Dharau hiyo ilibaki katika karatasi. Mwaka 1681 Plunkett alinyongwa London. Hapa tunaiona hatari ya mtumishi mwaminifu: kuijua kweli na kuinong'ona tu, kwa kuwa kuisema wazi kungemsumbua mkubwa.

Uzeeni, hata hivyo, Ormonde alisema hapana. Mwaka 1687 Mfalme James II aliamuru Mkatoliki apokewe bila viapo katika Charterhouse, nyumba ya kutunzia wazee na kufundishia wavulana jijini London. Ormonde, mmoja wa wasimamizi, aliungana na waliokataa, kwa sababu sheria ya nyumba ile ilidai viapo. Hakuchukua silaha wala hakutukana, alikataa tu. Alifariki mwaka uliofuata.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, linatufundisha kuitii mamlaka isipokuwa inapoamuru dhambi. Hapo Mungu hutiiwa kwanza. Ormonde aliuona mpaka huo alipoguswa nyumba ya Kiprotestanti. Alipoguswa Mkatoliki asiye na hatia, hakuuona vilevile. Nasi tuna udhaifu huohuo. Dhamiri yetu huamka upesi kwa ajili ya usharika wetu, kabila letu na watu wa nyumbani mwetu, kisha husinzia anapoonewa jirani wa dini nyingine.

Basi tusiupime uaminifu kwa yale tu tunayoyavumilia kwa ajili ya wakubwa. Tuupime pia kwa yule aliye chini yetu, au nje ya kundi letu: je, alipotuhitaji tuseme, tulisema kwa sauti ya kusikika? Kristo alimtii Baba hadi msalabani, na kwa utii huohuo hakumwacha hata mnyang'anyi aliyesulubiwa kando yake.