Kabla ya Kuchimba Msingi

Pita Goba, Bunju, Chanika au Kibaha jioni yoyote, utakuta mapagale yamesimama katikati ya majani marefu: kuta zimefika kwenye lenta, madirisha ni matundu, nondo zimechomoza juu ya nguzo zinaliwa na kutu. Mengi ni ya watu wa kawaida, walimu, manesi, madereva, wafanyabiashara wadogo, waliojinyima miaka na miaka. Katika nchi yetu ni wachache wanaojenga kwa mkopo wa benki wa muda mrefu. Tunajenga kwa mshahara, kwa kikoba, kwa mchezo wa kupokezana, kwa kiinua mgongo. Mwezi huu tofali, mwezi ujao mchanga, halafu ada za shule zinaingia na kazi inalala. Kwa hiyo mwenye pagale namheshimu. Kinachonisikitisha ni kwamba ukilitazama vizuri, pagale lenyewe mara nyingi lina vyumba vitano, sebule mbili na nguzo nne nene za mbele, na mwenyewe bado amepanga vyumba viwili Tabata, watoto wake wamekuwa wakubwa humo humo.

Mzigo huo aliubeba siku ile ramani ilipopatikana. Mtu anaona picha kwenye simu: nyumba ya paa la kuficha, kuta nyeupe, vioo kuanzia sakafuni. Anamtumia kijana anayechora kwa kompyuta, kijana anabadilisha jina la mwenye kiwanja, na Jumamosi inayofuata fundi yuko kiwanjani na kamba na vigingi. Hakuna aliyeuliza jua linazama upande gani. Hakuna aliyeuliza nani atalala wapi, nani hawezi kupanda ngazi, nani anapika na anapikia nini. Nyumba ile ilichorwa kwa ajili ya kiwanja kingine na watu wengine, pengine wa nchi ya baridi, na sisi tunaingia kuishi ndani yake mpaka uzeeni.

Nyumbani kwetu tumefika hatua hiyo sasa. Kiwanja kipo, kimepimwa, bikoni zinaonekana, mita 20 kwa 30. Tulikubaliana mimi na mume wangu kwamba kabla ya kwenda kwa mbunifu majengo tutazungumza na kila mtu atakayelala humo, mmoja mmoja, na tutamsikiliza mpaka amalize. Mazungumzo hayo yamenionyesha familia yangu upya, ndiyo maana nayaandika hapa.

Mama yangu, ambaye tunamwandalia kuhamia kwetu kutoka Tanga, hakuuliza habari za vigae. Aliuliza, “Mwanangu, msiba ukitufika, watu watakaa wapi?”

Swali hilo lilitunyamazisha. Ni swali ambalo sijawahi kuliona kwenye ramani yoyote, na hakuna familia ya kwetu isiyokutana nalo. Msiba ukiingia, ndani ya saa chache nyumba inapokea ndugu, majirani, watu wa kazini, watu wa msikitini au kanisani. Wanawake wanakaa kwenye mikeka ndani, wanaume wanakaa nje chini ya turubai, masufuria makubwa yanawekwa uani, wageni wa mbali wanalala siku tatu au zaidi. Harusi nayo inataka hayo hayo. Mtu amejenga nyumba katikati kabisa ya kiwanja, amebakiza ukanda wa mita tatu kila upande, na pote pamewekwa vitofali. Siku ya msiba wake watu wanakaa barabarani. Basi tumemwomba mbunifu aisogeze nyumba upande mmoja wa kiwanja, aache uwanja mmoja mpana wenye kivuli, na mlango wa sebule ufunguke moja kwa moja kwenye baraza linaloutazama uwanja huo.

Magoti ya mama pia yalipata nafasi yao kwenye karatasi. Chumba chake kitakuwa na choo ndani, mlango wa choo wenye upana wa sentimita 90, sakafu isiyo na kizingiti, na ukuta wenye nguvu ya kushikilia bomba la kujishikia. Kufanya hivyo wakati wa kujenga ni gharama ndogo sana. Kuvunja ukuta na kuhamisha choo miaka kumi baadaye, mgonjwa akiwa kitandani, ni jambo la machozi. Na mimi na mume wangu tumeshavuka 50, kwa hiyo chumba hicho kitakuja kuwa chetu.

Kisha tukamuuliza dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Mwanzoni alikataa kusema. “Mama, hayo ni yenu,” alinijibu. Nilipomwambia kwamba naye atalala humo, alikaa kimya, halafu akasema anaomba chumba ambacho usiku anaweza kufika chooni bila kutoka nje. Alikokaa zamani alilala banda la uani, na kila usiku alikuwa anajizuia mpaka asubuhi kwa hofu ya giza. Akaongeza kwamba kama inawezekana, angependa dirisha.

Nimeona nyumba kubwa hapa Dar es Salaam zenye chumba cha kutunzia viatu, na chumba cha msichana wa kazi kimebanwa kati ya stoo na tangi la maji, kina tundu la hewa badala ya dirisha. Ramani huwa inasema wazi ni nani tumemhesabu kuwa mtu. Anayeamka wa kwanza, anayewaogesha watoto wetu, anayemshika mkono mama yetu, hawezi kupewa sehemu iliyobaki baada ya gari kupata ya kwake. Chumba cha dada kwenye mchoro wetu kina dirisha la upande wa mashariki na mlango unaofungukia ndani ya nyumba, na mchoro ukikataa kutosha, tutapunguza sebule.

Baada ya watu, upepo. Sisi wa pwani tuna bahati ya kuujua upepo wetu kwa majina na majira yake. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, wakati wa joto lenyewe. Kusi inashika baada ya hapo, kutoka kusini mashariki. Chumba cha kulala chenye dirisha moja tu hakipati upepo hata ukivuma, kwa sababu hewa inayoingia inataka pa kutokea. Jua la magharibi nalo ndilo adui: ukuta wa tofali za saruji unaopigwa na jua tangu saa nane mchana unabeba joto lile na kulirudisha ndani usiku, wakati watoto wanajaribu kulala. Upande huo tunaweka stoo, bafu na jiko, na kuta ndefu za nyumba zinatazama kaskazini na kusini, ambako jua ni rahisi kulizuia kwa paa lililotokeza. Kwa sababu hiyo hiyo nimelikataa paa la kuficha, pamoja na kwamba linapendwa sana siku hizi. Halina pindo la kukinga ukuta na madirisha, na mvua za masika zinatafuta kila mwanya kwenye mifereji yake.

Wazee walijua haya. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haiendi mbali, kwa kawaida mita tatu au pungufu. Jengo lilifuata mti uliokuwepo. Kuta nene za mawe na chokaa zikatuliza joto, na daka la mlangoni likampa mgeni mahali pa kukaa na kuongea bila kuingilia faragha ya wenye nyumba. Nyumba za Kiswahili za Magomeni, Ilala na Kariakoo, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na ua nyuma, zilipitisha hewa kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Zilijengwa chumba kwa chumba, kingine kikapangishwa ili kijenge cha tatu. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alipochora Soko Kuu la Kariakoo miaka ya 1970, aliliezeka kwa maumbo kama miavuli iliyopinduliwa, ili paa lenyewe lipokee mvua na kuipa hewa nafasi ya kupita. Na Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepewa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alianza na shule ya msingi ya kijijini kwake Gando, kuta za udongo na bati lililoinuliwa juu ya dari ili joto lipite katikati na kuondoka. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji utajiri. Kinahitaji mtu afikiri kabla ya kuchimba.

Na kufikiri huko kuna bei yake, ambayo watu wengi wanaikwepa. Mbunifu majengo aliyesajiliwa analipwa, mkadiriaji majenzi analipwa, kibali cha ujenzi cha halmashauri kinalipiwa. Utasikia mtu anasema hizo ni pesa za kutupa, bora tununue saruji. Mimi naona ndizo pesa zinazookoa saruji. Mbunifu wetu tumempa sharti moja kubwa: nyumba ikue. Hatua ya kwanza ni vyumba viwili, jiko, choo na baraza, vimeezekwa na kukamilika, tuhamie. Hatua ya pili iungane na ya kwanza bila kubomoa paa wala kufumua mabomba. Kodi tunayolipa sasa itahamia kwenye tofali. Hata mwenye pagale kubwa anaweza kufanya kitu cha namna hii: mwite mtaalamu akague kuta, mchague sehemu ya vyumba viwili inayoweza kuezekwa peke yake, na zile nondo zilizochomoza zipakwe uji wa saruji zisiendelee kuoza. Watoto hawasubiri lipu.

Yaliyo ardhini ndiyo yanayoumiza zaidi yakikosewa, na hayana wa kuyasifia. Udongo wa mfinyanzi unavimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi, na msingi uliochimbwa kwa mazoea unapasua ukuta kutoka chini mpaka dirishani. Kisima kinataka kukaa mbali na mashimo ya choo, walau mita 30 kama wataalamu wanavyoshauri, na kwenye kiwanja kama chetu maana yake ni kwenda kwanza kwa majirani kuuliza mashimo yao yako wapi. Tulikwenda. Jirani mmoja alitushukuru, kwa kuwa naye alikuwa anapanga kuchimba.

Tofali nazo zina hadithi yake. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali thelathini na kitu za inchi sita, unapata tofali. Ukivutwa utoe hamsini, unapata mchanga uliobanwa. Hata tofali nzuri inataka kumwagiwa maji walau siku saba, na zege hupimwa nguvu yake baada ya siku 28. Fundi anayeniambia “Mama, tusiharakishe, iache ikomae” huyo ndiye wangu, na nitamlipa kwa wakati. Nasisitiza hili la kulipa. Tunawasema sana mafundi, lakini wengi wao wanajenga nyumba za watu maisha yao yote huku wao wamepanga, na mwenye nyumba anamzungusha mwezi mzima kwa pesa ya kazi iliyokwisha. Siwezi kuishi kwa amani ndani ya ukuta ambao aliyeujenga bado ananidai.

Tumebakiwa na suala moja hatujaafikiana, nalo ni uzio. Mume wangu anataka ukuta mrefu wenye geti, na hoja yake ya usalama si ya kupuuza, wezi wapo. Mama anataka baraza la mbele litazame njia, amsalimie apitaye na yeye asalimiwe, kama alivyozoea Tanga. Anasema jirani anayekuona kila siku ndiye atakayejua siku hukuonekana. Mimi niko upande wa mama, na tukikadiria, ukuta wa kuzunguka kiwanja chote unakaribia kumaliza pesa ya tangi la maji ya mvua pamoja na chumba kizima. Kwa sasa tumepatana kuotesha mchongoma pande tatu, taa nje, na ukuta mfupi wa mbele unaofika kifuani. Mume wangu amekubali kwa sharti kwamba tutalizungumza tena paa likishakaa, na nimemwambia sawa.