Dhana ya Msomaji

Katika mabaraza ya Ngamiani mjini Tanga, ambako baina ya sala ya magharibi na ya isha watu huzungumza juu ya bei ya samaki, juu ya mirathi iliyochelewa kugawiwa na juu ya mpira, huzuka mara kwa mara suala ambalo wengi hulipita kwa kicheko, nami naliona lastahili kujibiwa kwa taadhima: je, muumini anayekesha akisoma hadithi za upelelezi, akimdhania huyu wizi na yule uuaji, akifurahi kila pazia la nyumba ya mtu linapofunuliwa, hajiingizi katika jambo alilokatazwa?

Katazo liko wazi. Surat al-Hujurat, katika aya yake ya 12, inawataka walioamini wajitenge na dhana nyingi kwa kuwa zimo zilizo dhambi, kisha inakataza kupeleleza siri za watu, kisha inakataza kusengenyana. Na mambo hayo matatu yamepangwa kama yanavyozaana katika maisha yetu, maana mtu hudhani kwanza, dhana ikimwasha huenda kuchungulia, na alichokiona akichungulia hakimkai kifuani. Wasimuliaji wa kale wanatueleza habari ya Sayyidna Umar bin al-Khattab, Khalifa wa pili, kwamba usiku mmoja alipokuwa akizunguka Madina alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mwenye nyumba katika maasi. Na yule mtu, badala ya kujitetea, alimkumbusha Khalifa kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, basi Khalifa amemwasi kwa matatu, kwa kupeleleza, kwa kuingia nyumba pasipo mlango wake, na kwa kuingia bila ya kubisha hodi wala kutoa salamu. Umar akamwacha. Naipenda habari hii kwa sababu haikatai kwamba yule mtu alikuwa na kosa. Inachokataa ni kwamba kosa la mtu linahalalisha kila njia ya kulifikia.

Sasa itazame hadithi ya upelelezi. Dhana ndiyo chakula chake, kuchungulia ndiyo kazi yake, na aibu za watu ndizo bidhaa yake. Wako wanaolimaliza suala kwa jawabu jepesi, wakisema kwamba watu wa vitabuni hawana heshima ya kuvunjwa wala jamaa wa kudai haki, na kwamba anayemdhania ubaya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa hakumdhulumu yeyote. Jawabu hilo ni la kweli ila halitoshi, kwani madhara ya dhana hayampati aliyedhaniwa peke yake, bali humpata pia mwenye moyo uliozoea kudhani; na anayeuzoeza moyo wake kitabuni atakwenda nao moyo huo huo sokoni, kazini na msikitini. Basi yafaa tuulize kitabu chenyewe kinaufanyia moyo jambo gani.

Mfano wa kuanzia hatuna haja ya kuufuata mbali. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, na aliyefariki mwaka 1962, hakuandika riwaya ya polisi na majambazi. Lakini katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, aliweka tukio ambalo mwandishi yeyote wa upelelezi angelitamani. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anakwenda Janibu kwa kazi ya serikali, anapokewa kwa ukarimu na Adili, liwali wa huko, na usiku anagundua kwamba mwenyeji wake mpole huondoka kwa siri, akawachapa viboko manyani wawili, kisha akawalisha na kuwabembeleza. Nani angeliona hayo asidhani kwamba upole wa mchana ni utando na ukatili wa usiku ndio tabia? Jicho la Ikibali halikukosea hata kidogo, kwani viboko vilikuwa viboko na kilio kilikuwa kilio. Lakini maana ya alichokiona ilikuwa kinyume kabisa, kwa kuwa manyani wale walikuwa nduguze Adili waliomtendea uovu wakageuzwa hali na jini, na aliyewachapa alilazimishwa kufanya hivyo na moyo wake ukimuuma. Mfalme Rai alipoletewa habari, alimtaka Adili mwenyewe aje aeleze, na kitabu chote kilichobaki ni maelezo hayo. Natamani kila mtu wa pwani yetu asome kurasa zile akiwa bado kijana, kabla hajapata cheo cha kumhukumu mwenzake, ajue kwamba mtu huweza kuona sawasawa na bado akahukumu vibaya.

Wala si Shaaban Robert aliyeanza. Kisa cha Nabii Yusuf, ambacho Qurani yenyewe inakitaja kuwa katika visa vilivyo bora, kina kanzu mbili ambazo mpelelezi yeyote wa leo angeliziweka mezani kuwa ushahidi. Ya kwanza ililetwa na nduguze ikiwa na damu ya uwongo, na wafasiri hueleza kwamba Yakubu alishangaa kuona mbwa-mwitu amemla mwanawe bila ya kuitatua nguo. Ya pili ilichanika katika nyumba ya mwanamke aliyemshtaki Yusuf kwamba alimtaka kwa ubaya, na shahidi wa nyumba ile akatoa kipimo kilichotangulia hukumu, kwamba ikiwa imechanika mbele basi mwanamke ni mkweli, na ikiwa imechanika nyuma basi Yusuf ndiye mkweli. Shahidi yule alikuwa wa upande wa mwanamke, naye alitaja kanuni kabla ya kanzu kutazamwa, hata asiweze kuipinda kanuni baada ya kuyaona matokeo. Huo ni uchunguzi ulio halali na ulio bora, na tofauti yake na kuchungulia ni kwamba mashtaka yalikuwa yamekwisha kutamkwa, mtu asiye na hatia alikuwa karibu kuangamia, na kunyamaza kungelikuwa dhuluma. Tanga, mji uliopata makadhi wenye kalamu kama Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, hauhitaji kufundishwa na mgeni kwamba bayyina ni juu ya mwenye kudai na kiapo ni juu ya mwenye kukana, wala kwamba shubha inatosha kuizuia adhabu.

Ndiyo maana nawapendekezea watu Muhammed Said Abdulla kabla ya mwingine. Mzaliwa huyu wa Makunduchi, Unguja, alishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, pamoja na kiko chake na sahibu yake Najum, wana nasaba na Sherlock Holmes wa Conan Doyle. Lakini mazingira ni ya kwetu, na jambo wanalopambana nalo ni letu. Maiti ya Bwana Ali Bomani inaonekana penye mzimu, na palipo na mzimu watu hawana haja ya kuuliza muuaji ni nani, kwa kuwa jawabu lilikuwapo kabla ya maiti. Sisi wa Tanga twaijua hali hiyo, tulio na mapango ya Amboni upande wa kaskazini wa mji, ambamo hata leo watu huenda kuweka nadhiri, na ambamo husimuliwa kwamba Osale Otango alijificha katika miaka ya 1950, mtu ambaye wasimulizi wengine humwita jambazi na wengine shujaa, kila mmoja kwa hakika ile ile. Katika nchi ambamo mauti ya ghafla humfanya mjane wa jirani aitwe mchawi kabla ya maziko kwisha, mwandishi anayemkalisha msomaji chini na kumwambia asubiri, aulize nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani kamwona, anafanya kazi ya dini, ijapokuwa hakutaja dini. Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 kinaendelea na kazi hiyo hiyo kwa jina linalotisha wachawi na wasio wachawi.

Na riwaya ya namna hii ikiwa nzuri, humfanyia msomaji jambo ambalo mawaidha hayaliwezi: humwacha amdhanie mtu mwema, amdhanie kwa yakini, kisha humwonyesha. Uso huwaka, japo hakuna anayemtazama. Hapo moyo umeonja ubaya wa dhana bila ya yeyote kuvunjiwa heshima, na kama kuna mahali duniani ambapo mja anaweza kukosea hukumu bila ya kumdhulumu mtu, basi ni hapo.

Siwezi kusema hivyo juu ya kila kitabu chenye bastola kifunikoni. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, bado imo katika njia ya kuulizana na kuthibitisha. Lakini tangu Elvis Musiba alipomleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, wapo wasomaji wengi walioipenda namna nyingine ya hadithi, ambamo jasusi huwakabili maadui wa Afrika, na adui akishajulikana kinachobaki ni kumfikia na kumwangamiza. Zina mwendo wa kasi na mapenzi ya nchi ndani yake, na ziliwafanya vijana wengi wasome Kiswahili walipokuwa hawataki kusoma kitu kingine. Hata hivyo humwachia msomaji dhana yake kama ilivyokuwa, maana hazimwambii kamwe kwamba huenda yeye ndiye aliyekosea. Na aliyekwisha kuwa mwepesi wa kuhukumu simpi hizo kwanza.

Maana kupendekeza kitabu ni kushauri, na mwenye kuombwa shauri amewekewa amana. Anayekusifia riwaya asiyoisoma ametoa ushahidi wa uwongo, na anayekusifia iliyomfaa yeye bila ya kukutazama wewe amefanya uvivu katika amana. Lakini ushauri wa hadithi za upelelezi una taklifu ya peke yake, kwamba mshauri analijua jina la muuaji naye anatakiwa atoe ushahidi wa ubora wa kitabu huku akilisitiri jambo ambalo ubora wenyewe umesimama juu yake. Nimewaona watu wazima, wenye elimu, wakiitamka siri ile barazani kwa ajili ya kuonyesha tu kwamba wamesoma, na kijana aliyekuwa katikati ya kitabu akakifunga asikifungue tena. Wamemnyang'anya fursa ya kukosea mwenyewe, na fursa hiyo ilikuwa haki yake.

Hapo huja mas-ala moja ambayo sijaona watu wakiizungumza. Mgonjwa ambaye macho yamemtoka nguvu, au ambaye hatarajii kuufikia ukurasa wa mwisho, anamwomba mwanawe amwambie muuaji ni nani: je, asitiriwe siri au aambiwe? Wako wanaodhani kwamba kumwambia ni kukiharibu kitabu. Mimi nasema aambiwe, tena kwa ukamilifu, pamoja na ushahidi wote na jinsi ulivyopatikana, kwa sababu siri ile haikuwa haki ya muuaji wala ya mwandishi, ilikuwa haki ya msomaji, na mwenye haki yake akiisamehe imesamehewa.