Farasi wa Mwitu na Maana ya Kutawakali

Nataka tuzingatie habari ya farasi. Katika Sura ya An-Nahl Mola wetu ametuhesabia mnyama huyu miongoni mwa neema zake. Na neema ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa.

Katika nchi ya Mongolia, kaskazini ya Uchina, walikuwako farasi wa mwitu ambao wenyeji wawaita takhi. Ni wafupi, rangi yao ni ya mchanga, na manyoya ya shingo zao husimama wima. Wanadamu waliwawinda, mifugo ikawanyang'anya malisho na maji, na baridi kali ikawamaliza, hata baada ya mwaka 1969 hakuonekana tena mmoja wao jangwani. Waliosalia ni wale waliokuwa wakifugwa katika mabustani ya wanyama ya nchi za mbali, nao asili yao ni farasi wa mwitu wapatao 12 tu.

Hatari haikuwa uchache peke yake. Kila mfuga mbuzi ajua ya kuwa beberu akiachwa na binti zake na wajukuu zake, kundi hudhoofika, na wanaozaliwa huwa wanyonge. Basi likashikwa daftari la nasaba, ambalo bustani ya Prague imelitunza tangu 1959. Kila farasi akaandikwa baba yake na mama yake, wakawa wahamishwa kutoka nchi hii hata nchi ile, ili jike apate dume asiyekuwa jamaa yake wa karibu.

Mwaka 1992 wa kwanza wakarejeshwa Mongolia, mahali paitwapo Hustai na Takhiin Tal. Lakini kazi haikuisha hapo. Baridi ya mwaka 2009 kuingia 2010 iliua zaidi ya nusu ya wale wa Gobi. Lau waliobaki wangaliachwa peke yao, udhaifu wa damu moja ungaliwarudia. Kwa hivyo Prague ikapeleka wengine kwa ndege za jeshi la Czech, ili damu mpya iingie kundini. Na mwaka 2024 wengine wakapelekwa Kazakhstan.

Pengine atatokea mtu aseme: "Taabu yote hii ya nini? Mungu akipenda kiumbe kibaki, kitabaki." Neno hili lafanana na tawakali, nalo si tawakali, bali ni uvivu uliovikwa kilemba. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfunza yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Na farasi hawa hawakupotea kwa kudura isiyokuwa na sababu. Mikono yetu wanadamu ilikuwamo. Kilichoharibiwa kwa mikono, yapasa kitengenezwe kwa mikono.

Ndugu zangu, sisi watu wa pwani tumezungukwa na viumbe vya bahari na vya msitu, na tukiviona vingi hudhani havitakwisha. Watu wa jangwa lile nao walidhani hivyo. Basi tusingoje mpaka tuhesabu 12 ndipo tukumbuke amana.