Wadia Katika Sanduku Jipya

Kimilili, mji ulio chini ya Mlima Elgon kati ya Bungoma na Kitale, mvua haimstahi mtu wala karatasi. Na kijana mmoja mwenye duka la kompyuta nyuma ya soko aliyajua hayo usiku ule paa lake lilipovuja hadi alfajiri juu ya kaunta buku ambamo, kwa miaka kadhaa, alikuwa amewaandikia wateja wake maneno yao ya siri: la mkulima wa mahindi anayetaka kutimiza mambo ya ushuru, la mwanafunzi anayengojea mkopo wa chuo, la mwalimu mstaafu anayefuatilia malipo yake ya uzeeni. Asubuhi wino ulikuwa umetapakaa kama rangi ya kanga mbovu. Sitaingia katika hukumu kama ilikuwa halali kwake kuyaandika. Watu walimwomba kwa sababu wao wenyewe husahau, na miji yetu imejaa vijana wa namna hii, waliogeuzwa makatibu wa siri za umma pasipo mshahara wala kiapo.

Baada ya hasara ile akajifunza kuitumia KeePassXC, programu ambayo huyaweka maneno yote ndani ya faili moja lililofumbwa, akampa kila mteja faili lake katika flashi yake, na kila mteja akachagua neno kuu lake mwenyewe la kulifungulia. Neno hilo programu hailiweki popote. Hulipitisha katika kanuni ya hesabu, na iliyo bora kati ya zinazotumika ni Argon2, iliyoshinda mashindano ya kanuni za namna hiyo mwaka 2015, ambayo shani yake ni kumchosha mwizi, kwa kuwa kila neno analolibahatisha humgharimu wakati na nafasi kubwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Mwenye kulisahau neno lake kuu hana wa kumlilia, hata hao walioitunga programu. Kwa hiyo kijana wetu, aliyekuwa akijua siri za nusu ya mtaa, sasa analinda asichokijua, na nionavyo mimi hapo ndipo alipoanza kustahiki jina la amini.

Ndipo yule mwalimu mstaafu, aliyekuja kuchapisha barua, akasikia kwamba sanduku lake linajengwa upya, kwa kuwa watengenezaji wanaihamisha programu nzima kutoka kiunzi kilichozeeka kwenda kiunzi kipya.

“Mwanangu,” alisema, “kama sanduku lilikuwa zima, mnalivunjia nini? Na vitu vyangu vilivyomo, ni nani aliyewaruhusu kuvihamisha?”

“Mama, faili ni lile lile,” kijana akajibu; jibu la kweli, lakini halikumtosha, na mimi niliyekuwa nangoja zamu yangu nikatoka pale nikiwa nimelibeba swali lake.

Ukweli ni kwamba sanduku lile halijapata kuwa lile lile hata siku moja. Mjerumani Dominik Reichl aliitoa KeePass mwaka 2003 kwa ajili ya Windows. Wengine wakaiandika upya kwa ajili ya Linux, ikaitwa KeePassX. Hiyo nayo ilipozorota, mwaka 2016 wakajitokeza wengine wakaichukua na kuiongezea herufi moja, isimamayo badala ya neno jumuiya. Kiunzi chenyewe kinaitwa Qt, kilichobuniwa Norway katika kampuni ya Trolltech, na faida yake ni kwamba fundi akiisha kuandika dirisha na vitufe vyake mara moja, kazi hiyo hiyo huonekana katika Windows, macOS na Linux. Qt 5 ilitoka Desemba 2012, na Qt 6 ikaifuata Desemba 2020. Kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni kupitia maelfu ya mistari, kwa maana baadhi ya zana za zamani zimeondolewa, nyingine zimebadilishwa majina, na nyingine zina jina lile lile ilhali tabia yake ni nyingine, na hizo za mwisho ndizo za kuogopwa. Hata kufuli limekwisha kubadilishwa: katika toleo la 2.7 la mwaka 2022, maktaba ya kufumbia siri iliyoitwa libgcrypt iliondolewa, ikawekwa Botan mahali pake, na watu wakaendelea kufungua mafaili yao wasijue kwamba chuma kilichokuwa kikizunguka ndani ni kipya.

Mafakihi wa Kishafii, ambao vitabu vyao ndivyo tulivyosomeshwa huko pwani kabla ya riziki kunileta huku milimani, wana mlango mzima juu ya wadia, yaani mali iliyowekwa kwa mtu aitunze. Wanasema mtunzaji hana dhamana pasipo uzembe. Akiihamishia pahali palipo na hifadhi pungufu, ikapotea, atalipa. Lakini moto ukiwaka naye akaiacha pale pale ati kwa kuwa ndipo alipoonyeshwa, atalipa vilevile. Nimeipenda daima hukumu hii, kwa sababu inamnyima mvivu kisingizio cha uaminifu. Ugumu wake katika jambo letu ni kwamba kiunzi cha programu hakiungui kwa miali. Huzeeka kimya, kwa waliokijenga kuacha kukitia viraka, na siku ufa unapogunduliwa hakuna wa kuuziba. Mwenye kungoja auone moto kwanza atakuwa amechelewa, na mwenye kukimbia kila anaponusa moshi atazitawanya amana za watu njiani.

Lakini mwalimu aliuliza juu ya ruhusa. Hapa Kimilili jirani zangu wengi ni wa kanisa la Marafiki, ambao tangu karne ya 17 walikataa kula kiapo, kwa hoja kwamba mwenye kuapa leo anakiri kuwa jana neno lake lilikuwa na thamani ndogo. KeePassXC nayo haituapii. Huweka maandishi yake yote wazi, atakaye ayasome. Sawa, ila mwalimu hawezi kuyasoma, wala mimi siwezi, basi tuliyo nayo ni taklidi, yaani kuwafuata wajuao, na uwazi wa kitabu si ushahidi kwamba kuna mtu aliyekisoma.

Nilipofika hapo nikarudi katika mlango ule wa wadia, nikakuta sharti nililokuwa nikilipita haraka: mwenye mali anaweza kuidai saa yoyote apendayo, na mtunzaji hana haki ya kumzungusha. Elijah Masinde wa Maeni, aliyetoka katika kanisa hilo hilo la Marafiki akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, dini ambayo wakoloni waliipiga marufuku mwaka 1948, naona aliwauliza Wabukusu wenzake jambo lililo karibu na hili: mambo ya wazee mliyoyatia katika chombo cha wageni, mkiyataka mtarudishiwa? Simfuati Masinde katika yote. Ila swali lake nalipendelea kuliko la kama sanduku ni lile lile, maana sanduku linaweza kubaki lile lile miaka mia na mwenyewe asiweze tena kulifungua. Faili la mwalimu lina muundo unaojulikana. KeePass ya Reichl hulisoma, na zipo programu nyingine za simu zilisomazo, hata kesho KeePassXC yote ikitoweka.

Wiki iliyofuata nilimkuta tena mwalimu dukani. Nikamwomba kijana anakili faili la mama, alifungue hilo la nakala katika programu nyingine kabisa, naye akageuza uso mwalimu alipokuwa akiandika neno lake kuu kwa kidole kimoja. Majina yakatokea. Mwalimu akayahesabu, akayahesabu tena, akasema yametimia. Kisha akaichomoa flashi, akaifunga katika pindo la leso yake, akauliza kama mvua itakatika kabla ya matatu ya Bungoma kujaa.