Kipofu na Rangi

Wahenga husema: Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini asiye na macho tumwambie nini? Wako wanaojibu upesi: "Mambo ya rangi si yake. Tumpe chakula, tumpe fimbo. Nyekundu na kijani zamfaa nini?" Ndugu wasomaji, neno hili laonekana kuwa la akili, tena la huruma. Basi tulipime polepole. Je, kumpa kipofu rangi kwa njia ya vidole ni haki, au ni kumdanganya?

Swali hili ni la zamani. Mwaka wa 1690 Mwingereza John Locke alitoa kitabu juu ya akili ya mwanadamu. Humo asimulia habari za kipofu mmoja aliyejitaabisha sana kufahamu rangi, hata siku moja akajisifu kwamba amejua maana ya nyekundu. Rafiki yake alipomwuliza, alijibu kwamba yafanana na sauti ya tarumbeta. Kwa mfano huo Locke alitaka kuonyesha kwamba maneno peke yake hayawezi kumpa mtu kitu ambacho macho hayakumpa. Hapo alisema kweli. Na vidole navyo havitampa rangi yenyewe. Anayemwambia kipofu, "Gusa hapa, sasa umeona nyekundu," asema uongo.

Je, maneno yameisha? Hayajaisha. Neno "nyekundu" lenyewe, lafanana na rangi ya damu? Hata kidogo. Ni sauti tu, nasi tumepatana iwe alama. Wala hakuna mtu aliyeingia katika macho ya jirani yake apate kujua kama anaiona sawasawa naye. Hata hivyo twaelewana sokoni, kwa sababu alama ni moja kwa wote. Basi alama hailazimiki kufanana na kitu. Yatosha iwe ya kweli, na watu waijue.

Vipofu wenyewe walitufundisha jambo hilo. Katika shule ambayo Valentin Haüy aliwafungulia mjini Paris mwaka wa 1785, walisoma herufi za wenye macho zilizoinuliwa juu ya karatasi. Ilikuwa kazi nzito. Kisha Louis Braille, kipofu tangu utoto wake, akatoa mwaka wa 1829 maandishi yake ya vinundu 6. Vinundu hivyo havifanani na herufi zetu, lakini vidole vyavisoma upesi.

Kwa rangi pia njia iko. Mwaka wa 1638, mjini Roma, Padri Silvester Petra Sancta, Mjesuiti, alichapa kitabu cha ngao za jamaa za wakubwa. Wino ulikuwa mweusi tu, basi akaonyesha rangi kwa mistari. Mistari ya kusimama ni nyekundu, ya kulala ni buluu, ya mshazari ni kijani, iliyopitana ni nyeusi. Nukta ni dhahabu, na mahali patupu ni fedha. Kitabu kilikuwa cha wenye macho. Lakini mistari hiyo ikiinuliwa kidogo juu ya karatasi, vidole vyaweza kuisoma.

Tutazame bendera ya nchi yetu, ile ya tangu mwaka wa 2006. Twafundishwa kwamba buluu ni amani, nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, na manjano ni utajiri wake. Mtoto kipofu akiishika, ashika kitambaa tu. Tukimchorea kwa mistari ya kulala, ya kusimama, na nukta za nyota, atajua mahali pa kila rangi na maana yake. Hajaona, lakini amefahamu yale wanayofahamu wenzake, naye aweza kusema nao.

Tena liko jambo la kila siku, nalo ndilo kubwa. Kipofu huvaa nguo kama sisi. Nani amchagulia? Anayemchagulia mwenzake kila asubuhi bila kumwuliza, hata kwa upendo, amfanya mtoto. Leo ziko mashine zinazotaja rangi kwa sauti, lakini si kila nyumba yaweza kuzinunua. Uzi na sindano vyapatikana. Fundo moja ndani ya kola liwe nyeupe, mafundo mawili yawe buluu, matatu nyekundu. Ila kipofu mwenyewe apatane na jamaa yake juu ya alama hizo, kwa maana ndiye atakayezisoma. Na anayeshona asidanganye, kwani kipofu hana njia ya kumsahihisha.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kumpa kipofu alama ya rangi si kumdanganya, tukimwambia wazi kwamba ni alama. Ni kumrudishia sehemu yake katika mazungumzo ya watu, na haki ya kuchagua. Aliye na kipofu nyumbani kwake amwulize leo: "Ndugu, wataka kuvaa rangi gani?" Kisha angoje jibu.