Macho ya Kuazima

Anayetaka kwenda India kivyake, bila kampuni ya utalii, akiuliza anunue kitabu gani cha mwongozo, ataulizwa maswali ya kawaida: una siku ngapi, una pesa kiasi gani, unataka ramani au historia? Ni maswali halali. Nchi yenye watu zaidi ya bilioni 1.4 huiingii kichwa kichwa. Lakini kuna swali moja ambalo kwangu mimi ndilo gumu kuliko yote: nikichagua kitabu, nimemchagua nani wa kunifundisha nimwogope nani?

Wahenga walisema mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Kitabu cha mwongozo, basi, ni macho ya kuazima, na macho ya kuazima yana mwenyewe. Karl Baedeker, aliyevipa vitabu hivi umbo lake kule Ujerumani katika karne ya 19, alitaka msafiri aweze kutembea bila kuwategemea watembeza wageni wa kulipwa. John Murray wa London alianza kutoa mwongozo wa India mwaka 1859, miaka miwili tu baada ya uasi mkubwa dhidi ya Waingereza. Tony na Maureen Wheeler wakaanzisha Lonely Planet mwaka 1973 kwa kijitabu cha kuvuka Asia kwa pesa kidogo; cha India kikafuata mwaka 1981. Wasomaji walibadilika, kutoka afisa wa serikali hadi kijana mwenye nywele ndefu na mkoba mgongoni, ila wazo moja halikuguswa. Uhuru wa msafiri ulikuwa ni uhuru wa kutomhitaji mwenyeji anayemjia na kumwambia, "Njoo nikuonyeshe."

Sasa sisi wa Pwani tuna tatizo hapo, kwa sababu tumewahi kukaa upande wa pili wa ukurasa. Zanzibar kuna vijana wanaowangoja wageni gatini na vichochoroni. Wenyewe tunawaita papasi, na vitabu vya Kizungu vimelichukua neno hilo hilo na kumfafanulia mgeni: jihadhari nao. Ushauri wenyewe si wa uongo, tusidanganyane. Wapo watakaokwambia hoteli uliyoitaja imejaa, wakupeleke kwingine wanakopata kamisheni. Lakini papasi ana mama yake Ng'ambo, ana kodi ya chumba, na timu yake ikifungwa Jumapili halali. Kitabuni amepewa sentensi moja tu, na sentensi hiyo imesafiri kuliko yeye atakavyosafiri maisha yake yote.

Kwa hiyo ninaposoma kuhusu stesheni ya New Delhi, siwezi kusoma kwa moyo mweupe. Vitabu vinaonya: kuna watu watakaokwambia ofisi ya tiketi za wageni imehama, imefungwa, imeungua, usiwafuate, ofisi ipo ghorofani humo humo stesheni. Ushauri huo ninauhitaji. Pesa yangu ni ya kuhesabu na sina ubalozi wa kukimbilia kila kona. Hapo hapo namtambua yule kijana wa Delhi. Ni papasi, anasema Kihindi.

Halafu huyo "wewe" anayeambiwa ni nani? Soma ukurasa wa afya. Mara nyingi utaambiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano hakihitajiki, isipokuwa kwa anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Hilo "isipokuwa" ndiyo sisi. Mkenya au Mganda akitua India bila kadi yake ya manjano anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Siku sita za mtu, zimefichwa kwenye neno moja! Na ukitafuta namna mtu mweusi anavyoweza kupokelewa anapouliza chumba, kwa kawaida utatafuta mpaka uchoke. Mwaka 2017 wanafunzi wa Kinigeria walishambuliwa Greater Noida, karibu na Delhi. Ningependa kuonywa. Ningependa pia onyo hilo lisiwageuze Wahindi wote kuwa wale waliorusha ngumi, jambo ambalo ni haki ileile ninayomdai mwandishi kwa ajili ya papasi.

Yapo na mengine ambayo macho ya kuazima yanayapita. Wageni hupelekwa Ellora kuona mahekalu yaliyochongwa mwambani, na wana haki ya kupelekwa. Kilomita chache kutoka pale, Khuldabad, amezikwa Malik Ambar, mtoto wa Ethiopia aliyeuzwa utumwani, akaja kuushika usultani wa Ahmadnagar mkononi mwake na kuwasumbua wafalme wa Mughal mpaka alipofariki mwaka 1626. Ahmedabad kuna msikiti wa Sidi Saiyyed, wa mwaka 1573, ambao dirisha lake la jiwe lililotoboshwa kama mti linasifiwa kote. Sawa, lakini Sidi ni nani? Ni jina wanaloitwa watu wenye asili ya Afrika kule, na uzao wao upo hadi leo Gujarat na Karnataka. Mandvi, huko Kachchh, bado wanaunda vyombo vya mbao kwenye bandari walikotoka wafanyabiashara waliokuja kwetu na kaskazi. Kwa msomaji wa Manchester hayo yanaweza kuwa pembezoni. Kwangu ndiyo safari yenyewe.

Mtu ataniambia: tumia simu, achana na vitabu. Simu nayo ina macho ya watu, tena wengi na wasio na majina. Angalau mwandishi wa kitabu ana jina kwenye jalada, naweza kubishana naye.

Mizani yangu basi ni hii. Kabla ya kununua kitabu cha India, natafuta cha mchapishaji huyo huyo kuhusu Tanzania, nafungua mji ninaoujua, nasoma habari za watu ninaowajua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ila hiki nimekilalia. Katika vitabu vitatu nilivyopima hivyo, viwili vilinionyesha papasi kama mbu. Cha tatu kilisema ukimkataa, mkatae kwa salamu, na kama amekubebea mzigo mlipe. Ramani zake mbovu, herufi ndogo kama chawa, na bei zimepitwa na wakati. Ndicho nilichonunua.