Mizani Iliyo Juu ya Pikipiki



Mwezi huu someni Mambo ya Walawi mlango wa 19, aya ya 35 na 36, kisha Kumbukumbu la Torati mlango wa 25, aya ya 13 hata 16. Huko Mungu awakataza watu wake kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, moja kubwa na moja dogo. Watu wa Handeni hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mkulima wa mahindi alijua gunia la lumbesa, lililojazwa hata likapita kipimo, nalo likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Twalalamika juu ya lumbesa, na ni haki kulalamika. Lakini leo nataka kunena juu ya kipimo kingine, ambacho twasafiri nacho kila siku, wala hatukiiti kipimo.

Mbele ya mpanda pikipiki ipo spidomita. Mshale wake waonyesha mwendo wa sasa. Lakini pana na kidirisha chenye tarakimu, nazo zahesabu kilometa zote tangu chombo kilipoanza kutembea. Katika pikipiki nyingi za kwetu kazi hiyo hufanywa na waya uzungukao ndani ya ala yake, utokao katika gurudumu la mbele. Gurudumu lizungukapo, waya nao wazunguka, na vijino vidogo vya ndani vyasukuma tarakimu polepole. Ile ya kuume ikimaliza kumi, yaisogeza jirani yake hatua moja. Hivyo mtu atokaye Korogwe kwenda Handeni, safari ya kilometa zipatazo 65, aziacha zimeandikwa hapo, ajapozisahau mwenyewe. Tena mnunuzi hutazama hapo apate kujua kadiri ya kuchakaa kwa injini, ambayo jicho haliwezi kuiona ndani. Basi tarakimu zile ni jiwe la mizani, maana kwa hizo bei hupimwa.

Lakini spidomita nayo huharibika, na fundi akifunga nyingine hesabu hazilingani. Ikiwa mpya, yaanza na sifuri. Ikiwa imetolewa katika pikipiki nyingine, yasimulia safari za chombo kingine. Kuirekebisha ili isome sawasawa na ile ya kwanza si dhambi. Ni kuulinda ukweli. Huko Marekani sheria ya mwaka 1972 iliagiza hivyo juu ya magari: hesabu ya saa mpya iwe ile ile ya zamani, na kama haiwezekani, iwekwe sifuri, na hati ibandikwe penye fremu ya mlango wa kushoto, yenye kutaja hesabu ya kwanza na siku ya kubadili. Pikipiki haina mlango. Lakini mwenyewe aweza kuwa na daftari, tena ana kinywa.

Nawaambieni haya kwa kuwa mimi mwenyewe nalijikwaa hapo. Pikipiki yangu, niliyoitumia kuzuru mitaa ya pande za Sindeni, iliharibika spidomita ikiwa imesoma kilometa 61,480. Fundi mmoja akanifungia nyingine iliyokwisha tumika, nayo ilisoma 18,205. Akaniuliza, “Mwalimu, niisogeze ifike kwenye ile ya kwanza, ama niiache?” Nikamjibu, “Iache tu, mwanangu, usijisumbue.” Nami nalijua kwa nini nalisema hivyo, maana nilikwisha kuazimu kuiuza.

Akaja kijana wa usharika wetu, aliyekopa fedha ili aanze kazi ya bodaboda. Akainama, akazitazama tarakimu, akafurahi, akasema, “Kumbe bado changa, Mwalimu!” Sikusema uongo, nalinyamaza tu. Akanilipa shilingi 1,500,000, akaniaga kwa heshima, akaenda zake.

Majuma matatu baadaye nalikuwa nikiwafundisha watoto wa kipaimara amri ya saba. Mwajua jinsi Martin Luther alivyoieleza katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ya kwamba mali ya jirani haichukuliwi kwa kunyang'anya tu, bali hata kwa bidhaa za uongo na biashara ya hila. Binti mmoja akainua mkono, akauliza, “Mwalimu, bidhaa ya uongo ndiyo ipi? Tutajie moja.” Nami ningaliweza kumpeleka hatua hamsini tu, mpaka kijiwe cha bodaboda, nikamwonyesha. Ulimi ulinikauka. Nikawataja wauza maziwa watiao maji, nikafunga kitabu.

Usiku ule nalijitetea mbele za Mungu. Nikasema, sikuzungusha tarakimu hata moja. Wala kijana hakuniuliza. Lakini nikaikumbuka amri ya nane, nikaona ya kuwa tarakimu tano zaweza kushuhudia uongo, ikiwa mwenye kujua kweli amefumba kinywa.

Kulipokucha nalikwenda nyumbani kwake, nikamwambia, “Mwanangu, kilometa hizi si za pikipiki hii. Ilikwisha kupita 61,000 kabla hujainunua.” Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mwalimu, kila juma naongeza oili, nikadhani ni mimi nisiyejua kuendesha.” Neno hilo lilinichoma kuliko kama angalinitukana. Kumbe kimya changu hakikuchukua fedha yake tu. Kilimfanya ajishtaki kwa kosa langu.

Nalimrudishia shilingi 500,000, nikiisha kuuza mbuzi na kukopa kwa ndugu. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Mimi nalirudisha mara moja, nayo si ya kujisifia. Kisha tukaenda pamoja kwa fundi. Spidomita ilisoma 20,117. Yaani tangu ifungwe, chombo kilikwenda kilometa 1,912. Hizo tukaziongeza juu ya 61,480, zikawa 63,392. Fundi akaiweka hapo, na kijana akaandika daftarini.

Sasa litazameni neno lililo kubwa zaidi. Wako Wakristo wengi wadhanio kwamba msamaha ni Mungu kuirudisha nyuma hesabu ya miaka yetu, kana kwamba hajui tulikopita. Sivyo, ndugu zangu. Tarakimu zikirudishwa nyuma, injini hairudi upya. Pistoni iliyolika imelika, na cheni iliyolegea imelegea. Mungu hasomi kidirisha, aisoma injini. Mtume Paulo afundisha katika Wakolosai 2:14 ya kuwa hati ya deni letu iliondolewa kwa kupigiliwa msalabani. Haikuandikwa upya kwa tarakimu ndogo; ilisomwa yote, ikalipwa yote. Kwa hiyo Mkristo aweza kuitaja hesabu yake ya kweli mbele ya jirani pasipo hofu, kwa kuwa haikubaki hata tarakimu moja ya kumhukumu mbele za Mungu. Afichaye hesabu bado hajaamini kwamba imelipwa.

Basi, ninyi waalimu na wazee, wafundisheni watu hivi. Spidomita ikibadilishwa, iandikwe siku, hesabu ya zamani na hesabu ya mpya. Auzaye amwambie mnunuzi kabla hajaulizwa. Na fundi aliye Mkristo, akiombwa kupunguza kilometa, akatae, ijapokuwa mteja atakwenda kwa mwingine.

Kijana yule yuko nasi hata leo. Mara nyingine hunichukua kutoka Korogwe mpaka Handeni kwa pikipiki ile ile. Hunitoza nauli kama watu wote, nami hulipa kwa furaha, maana najua ya kuwa sasa twaamini hesabu moja.

Bwana atupe jiwe moja tu mfukoni, na neno moja tu kinywani. Amina.